Kabla ya kumwita fundi rangi

Katika mitaa mingi ya Dar es Salaam kuta za nyumba zimeandikwa kwa herufi kubwa za rangi nyekundu au nyeusi: NYUMBA HII HAIUZWI. Baadhi ya wenye nyumba huongeza namba ya simu, na wengine hutaja matapeli waziwazi. Wameandika kwa sababu wamesikia, au yamewafika: mpangaji aliyejifanya mwenye mali, kijana aliyeuza wakati mama yake yuko kijijini, ndugu aliyepokea fedha kabla mirathi haijafunguliwa. Jiji zima limejifunza kuogopa.

Anayeuza kwa nia njema hukuta hofu hiyo imemtangulia. Mnunuzi akiingia getini hatazami vigae kwanza. Anajiuliza huyu anayemkaribisha ndiye mwenyewe kweli, kama kuna kesi mahakamani, na masika maji hufika wapi. Ndiyo maana nasema mapema, bila kuzunguka: fedha ya kuitayarisha nyumba itumike kwanza kuondoa shaka, na kitakachobaki ndicho kiende kwenye rangi.

Wauzaji wengi huanzia upande wa pili. Familia imekaa vikao, mtoto aliyeko nje ya nchi ametuma fedha, fundi ameitwa. Kuta zinapigwa skimu, sebule inawekwa dari la jipsamu na taa za rangi rangi, geti linang'arishwa. Kisha mnunuzi anakuja na wakili wake na kuomba kuiona hati. Anapewa kivuli kilichochakaa, chenye jina la baba aliyefariki miaka mingi iliyopita. Mnunuzi anaaga kwa adabu na harudi tena, na fedha iliyolala kwenye jipsamu ingetosha kufungua mirathi, kulipa wakili na kuhamisha jina.

Karatasi

Tanzania ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Mwenye nyumba ana haki ya kuimiliki kwa muda, na katika hati nyingi za mjini muda huo ni miaka 33, 66 au 99. Ni jambo ambalo wenye nyumba wengi hulisahau mpaka mnunuzi aliulize. Hati ya miaka 33 iliyoanza mwaka 1995 inafika mwisho mwaka 2028, na mtu anayetoa akiba ya maisha yake ana haki ya kujua kwamba anaachiwa miaka michache. Soma hati yako kabla hajaisoma yeye. Kama muda unakaribia kwisha, anza kuhuisha sasa, maana ofisi za ardhi zina foleni zake na mnunuzi hatakungoja.

Kwenye makazi yasiyopimwa, ambako wakazi wengi wa jiji letu wanaishi, karatasi iliyopo huwa ni leseni ya makazi, au mkataba wa mauziano ulioandikwa mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mashahidi. Hilo si la kuonea aibu wala la kuficha. Leseni ina muda wake, kwa hiyo angalia kama bado iko hai. Kama mtaa wako uko kwenye urasimishaji, lipia mchango wako, fuatilia upimaji, tunza kila risiti. Nyumba iliyopimwa humpa mnunuzi nafasi ya kukopa benki, na mwenye mkopo wa benki hufika kwenye bei ambayo mwenye fedha za mkononi huenda asiifikie.

Tafuta bikoni, yaani alama za mpaka wa kiwanja. Nyingi zimefunikwa na takataka, na nyingine jirani amezijengea ukuta juu yake bila hata yeye mwenyewe kujua. Fyeka, zioneshe, kisha mwombe jirani wa kila upande mtembee mpaka pamoja, akiwepo mjumbe au mwenyekiti wa mtaa. Asubuhi moja ya kazi hiyo huzuia bei ya nyumba kushushwa kuliko wiki nzima ya kupaka rangi, kwa sababu mpaka wenye ugomvi ni ugomvi unaouzwa pamoja na nyumba.

Kuna la ndoa pia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ingali hai, hata kama hati ina jina la mmoja tu. Mawakili wa wanunuzi wanalijua hilo vizuri. Mke au mume awepo tangu siku ya kwanza mnunuzi anapofika, akaribishe, ajibu maswali. Mnunuzi akimwona mama mwenye nyumba amenuna jikoni na hataki kusalimia, ameshapata jibu la swali ambalo hajaliuliza.

Kwa nyumba ya urithi, jina la marehemu halitoshi. Msimamizi wa mirathi ateuliwe na mahakama, umiliki uhamishwe, na warithi wote wajue bei na mgawo wao kabla ya tangazo. Ndugu mmoja aliyeachwa nje ya kikao, hata kama yuko Mwanza au Muscat, anaweza kusimamisha mauzo yaliyokwisha kulipiwa.

Madeni nayo yaandikwe kwenye karatasi moja. Kodi ya pango la ardhi ya miaka iliyopita lazima iishe ndipo umiliki uhamie kwa mwingine. Kodi ya majengo tangu Agosti 2021 hukatwa kupitia LUKU, kwa hiyo nyumba iliyokaa tupu bila kununuliwa umeme hujikusanyia deni kimyakimya. Bili ya maji isomwe na kulipwa. Kama hati iko benki kwa dhamana ya mkopo, sema hivyo kwa mdomo wako. Mnunuzi akienda kwa Msajili wa Hati kupekua atalikuta, na akilikuta mwenyewe hatakuamini tena hata ukimwambia jua limechomoza.

Usisahau kujiuliza nyumba imekaa wapi. Wakazi wa kando ya Barabara ya Morogoro, kati ya Kimara na Kibaha, hawatasahau mwaka 2017, nyumba zilipobomolewa kupisha upanuzi wa barabara. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Nyumba iliyo ndani ya hifadhi ya barabara au ya mto haiandaliwi kwa rangi. Mwenye nayo aende kwanza kuuliza mamlaka hatima yake, na asimtwishe mnunuzi mzigo ambao yeye anaujua.

Maji

Kama ningeruhusiwa kumpa muuzaji ushauri mmoja tu kuhusu jengo lenyewe, ungekuwa huu: fuata maji. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu katika jiji hili na kuwahamisha wakazi wa mabondeni kwenda Mabwepande, na tangu hapo hakuna mnunuzi makini asiyeuliza habari za mvua. Wengine huacha kabisa kununua kiangazi. Husubiri masika ili waione barabara ya mtaa ikiwa tope.

Anza juu. Panda darini, au mpandishe kijana, mchana wa jua kali, taa ikiwa imezimwa. Kila tundu la msumari lililolegea huonekana kama nyota. Bati likiwa bado zima, kinachohitajika mara nyingi ni kubadilisha misumari na mipira yake na kuziba maungio, kazi ya siku moja au mbili. Doa la kahawia darini lina tabia ya kumsumbua mnunuzi kuliko ufa ukutani, kwa sababu hajui kama tundu lilizibwa mwaka jana au bado linavuja. Ziba tundu kwanza, ngoja mvua ipite juu yake, ndipo ubadilishe kipande cha dari. Anayebadilisha dari kabla ya kuziba bati hununua dari mara mbili.

Shuka ukutani. Nyumba nyingi za Pwani zina ule ugonjwa wa chumvi: rangi inavimba na kumenyuka kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti au kiuno, na unga mweupe unadondoka. Chanzo chake kinaeleweka. Wakati wa kujenga, msingi haukutandikwa nailoni au tabaka la kuzuia unyevu, au mchanga uliotumika ulikuwa na chumvi. Tofali la saruji huvuta maji ya ardhini kwenda juu kama utambi unavyovuta mafuta ya taa. Maji yakifika usoni mwa ukuta hukauka, chumvi hubaki, hujenga fuwele na kuisukuma rangi nje. Fundi asiyetaka maneno mengi atakushauri upake rangi ya mafuta. Ukimkubalia, ukuta utapendeza miezi miwili, kisha unyevu uliofungiwa utapanda juu zaidi na kutokea pale ambapo rangi ya mafuta imeishia. Mnunuzi aliyekwisha kuona nyumba kadhaa anaijua mbinu hiyo. Akiona rangi ya mafuta imeishia usawa wa kiuno chumbani, hugusa ukuta kwa kiganja.

Dawa yake ina hatua na inataka muda. Nje ya nyumba, ondoa bustani na vyungu vya maua vilivyoegemea ukuta, maana kila jioni ukimwagilia maua unaunywesha msingi. Jenga kitako cha zege kuzunguka nyumba, chenye mteremko wa kuyapeleka maji mbali. Kama kuna mifereji ya bati, isafishe, na maji yake yaende kwenye tenki au mtaro, yasimwagike penye kona ya nyumba. Ndani, bandua plasta iliyooza mpaka tofali lionekane, acha ukuta upumue na ukauke kwa wiki kadhaa, kisha piga plasta mpya yenye dawa ya kuzuia maji. Plasta nayo ingoje takribani siku 28 kabla ya rangi. Ndiyo maana mtu anayetaka kuuza Septemba inampasa aanze Juni, mara tu masika yanapokwisha, na si wiki moja kabla ya dalali kuleta mteja.

Nyufa ni suala la kuwa mkweli. Ufa mwembamba wa plasta unaotawanyika hauna madhara na huzibwa kwa skimu. Ufa wa ngazi unaofuata maungio ya tofali, au unaopita kona ya dirisha kwenda kwenye msingi na kuongezeka upana mwaka hadi mwaka, unasema msingi unatitia. Huo usiufunike. Mwite mhandisi au fundi mwashi mzoefu, akuandikie sababu na gharama ya kuutengeneza, kisha uamue kama utautengeneza au utapunguza bei. Kuuficha ni kuwalaza watu wengine chini ya ukuta ambao wewe umeuogopa, na siwezi kulitetea jambo hilo kwa bei yoyote.

Halafu choo. Shimo lililojaa halifichiki: sinki linagugumia, chemba inatoa harufu jioni hewa inapotulia. Lete gari la kunyonya majitaka kabla ya mnunuzi wa kwanza, rekebisha vifuniko vya chemba vilivyovunjika, na ujue shimo liko upande gani, maana ataliulizia. Bomba za jikoni na bafuni zitoe maji siku hiyo. Penye mgawo wa maji, tenki liwe limejazwa usiku.

Rangi ina mahali pake

Yakimalizika hayo, rangi ina faida kubwa kwa gharama ndogo. Rangi ya maji, nyeupe iliyopoa au ya maziwa, ndani ya vyumba vyote, huleta mwanga na humwacha mnunuzi aweke fikra zake mwenyewe. Kijani kikali cha sebule na zambarau ya chumba cha binti vimewafurahisha wenyewe miaka mingi, lakini mgeni huanza kuhesabu madebe atakayohitaji kuvifunika. Badilisha vitasa vinavyokwama, neti zilizochanika, soketi zilizoungua, bawaba zinazolia. Ni vitu vya bei ndogo, na ndivyo vinavyoguswa na mkono wa mnunuzi. Nyaya zinazoning'inia zifungwe na fundi umeme mwenye leseni. Hapo sizungumzii urembo, nazungumzia moto.

Sishauri kuvunja jiko zima na kuweka makabati mapya, wala kutandika pevingi uwanja mzima, kwa ajili ya kuuza tu. Anayenunua ana ladha yake, na kazi kubwa ya haraka huacha dosari ambazo jicho makini huziona.

Na kuna nyumba ambazo hazihitaji rangi kabisa. Nyumba za Kiswahili za vyumba sita na ukumbi katikati, kule Kariakoo, Ilala na Magomeni, mara nyingi hununuliwa na mtu anayetaka kiwanja ili ajenge ghorofa. Kwake ukuta mpya na ukuta mkuukuu havina tofauti. Anapima upana wa kiwanja, barabara iliyopo mbele, matumizi yanayoruhusiwa na usafi wa hati. Familia inayouza nyumba ya namna hiyo iiache kuta zilivyo, na kila shilingi iende kwenye mirathi, vipimo na wakili.

Mji Mkongwe wa Zanzibar una kanuni nyingine. Nyumba zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta hizo hutoa unyevu wake kwa kupumua. Anayezipiga plasta ya saruji ili zionekane mpya huzifungia maji ndani na kuziozesha. Mji huo uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na matengenezo yake huombewa kibali cha mamlaka ya uhifadhi. Huko kibali na fundi wa chokaa ndiyo matayarisho yenyewe.

Bei, dalali na kodi

Bei isitokane na alichouza jirani kwa uvumi wa kijiweni. Tangu Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016, wathamini wana bodi inayowasajili. Mlipe mmoja akupe ripoti. Ripoti hiyo ni silaha yako dhidi ya mnunuzi anayeponda, na dhidi ya ndugu anayeota bei ya Masaki kwa nyumba ya Kitunda.

Dalali mzuri anastahili malipo yake. Mkubaliane kwa maandishi asilimia yake, na kwamba hakuna cha juu: bei anayoitaja kwa mnunuzi iwe ileile uliyomtajia wewe. Ukiwapa madalali kumi nyumba moja, kila mmoja ataitangaza kwa bei yake, na mnunuzi akiiona mara tatu kwa bei tatu ataamini ni ya kitapeli.

Kodi ya faida itokanayo na kuuza, kwa mkazi wa Tanzania, msingi wake umekuwa asilimia 10 ya faida. Faida hupatikana baada ya kuondoa gharama, na gharama huthibitishwa kwa risiti. Zikusanye basi: za saruji, mabati, kisima, upimaji. Sheria imekuwa pia na nafuu kwa nyumba ambayo mtu ameimiliki na kuishi mwenyewe miaka 3 au zaidi. Viwango hubadilika Bunge linapopitisha Sheria ya Fedha kila mwaka, hivyo uliza TRA kabla hujataja bei yako ya mwisho.

Watu wa nyumba

Siku ya kuonyesha iwe asubuhi, kabla jua halijawa kali. Mapazia yafunguliwe, kamba ya nguo iwe tupu, mbwa afungwe, LUKU iwe na yuniti. Huhitaji kununua fanicha. Unahitaji kupunguza zilizopo, ili chumba kionekane ukubwa wake. Wanunuzi wengi sasa huiona nyumba kwanza kwenye simu, na Mtanzania aliyeko Houston hununua kwa macho ya shemeji yake. Piga video moja, taratibu, kuanzia barabarani hadi uani, bila kuruka choo wala mtaa unaoelekea nyumbani. Asiyeruka kitu huaminiwa.

Kama kuna wapangaji, wao ndio watakaofungua milango. Wajulishwe mapema, wapewe muda wa kuhama unaoheshimu mkataba wao, na kodi waliyolipa mbele irudishwe au ihesabiwe. Mpangaji aliyesikia habari kwa mnunuzi ana kila sababu ya kumwambia kwamba shimo linafurika.

Na mnunuzi makini atarudi peke yake, bila dalali. Atasimama dukani kwa Mangi anunue maji, atawauliza bodaboda wa kijiweni, atamsalimia mama anayekaanga mihogo: "Shikamoo mama. Ile nyumba ya kona wanauza, ni ya nani hasa?" Majibu yao ndiyo ukaguzi wa mwisho, na hakuna fundi wa kuyapaka rangi. Majirani waambieni wenyewe kwamba mnauza, na kwa nini.

Mwisho kabisa, lipo jambo ambalo kwangu lilipaswa kuwa la kwanza. Nyumba nyingi zinazouzwa zina mzee ndani yake, mama au baba aliyezijenga tofali kwa tofali kutoka kwenye mshahara mdogo. Watoto, nawasihi: msimwache mzee ajue kwa dalali aliyegonga geti. Kaeni naye, mwelezeni sababu, mwulizeni anataka kuishi wapi na nani, na chumba chake huko kiwe tayari kabla hamjamfungulia geti mnunuzi wa kwanza. Kama hataki kuuza na nyumba ni yake, basi nyumba hiyo haiuzwi.